Maswali mnayoniuliza kila wiki kuhusu maji ya kiwanda na bomba la majitaka, Moshi

Kazi yangu ni kufunga matanki na chemba za kusafishia maji machafu ya viwanda vidogo hapa Moshi: maziwa, juisi, sabuni, ngozi, majiko ya hoteli. Simu zinazoingia ni zilezile. "Mangi, watu wa mamlaka ya maji wameniletea barua", "dada wa maabara kasema maji yangu makali, makali ndo nini?". Nimechoka kujibu mmoja mmoja kwa voisi noti saa nne usiku, nimeamua kuyaandika yote hapa, ukiniuliza tena nakutumia hii. Siyo sheria hii, sheria kaisome, haya ni maneno ya fundi.

Mimi nalipa bili ya majitaka kila mwezi. Kwa nini tena niambiwe nisimwage maji ya kiwanda?

Bili unayolipa ni ya maji ya chooni, bafuni na jikoni, maji ambayo mfumo ulijengwa kuyabeba. Wengi mnadhani bomba likishaingia chini ya barabara basi mchezo umeisha, kumbe ndo unaanza. Majitaka ya mjini yanateremka mpaka kwenye mabwawa ya Mabogini, na kule anayefanya kazi ni jua, muda na bakteria. Bwawa la kwanza lina kina, halina hewa, uchafu mzito unatua chini unaozeshwa humo. Linalofuata lina mwani, ule ukijani unaouona juu, mwani unatengeneza oksijeni mchana jua likiwaka na bakteria wanaitumia hiyo oksijeni kula uchafu uliobaki. Ya mwisho yana kina kifupi, jua linapenya mpaka chini na vijidudu vya magonjwa vinapungua. Yakitoka hapo maji yanakwenda kumwagilia mpunga.

Kwa hiyo unapomwaga kitu kinachoua bakteria, au kinachozuia jua, au kitu ambacho bakteria hawawezi kukila kabisa, hujamwaga "bombani", umemwaga kwenye tumbo la kiumbe hai. Na anayeweka mguu kwenye yale maji ni mtu anayepandikiza mpunga, peku.

Kiwanda changu kidogo tu, nasindika lita mia tatu za maziwa kwa siku. Na mimi nahusika?

Unahusika kuliko unavyofikiri, na hili ndo swali ninalolipenda maana hesabu yake inamshtua kila mtu.

Maabara wana kipimo kinaitwa BOD. Usitishike na jina, kinapima njaa tu, yaani bakteria watahitaji oksijeni kiasi gani kumaliza uchafu uliomo kwenye lita moja ya maji. Maji ya kawaida ya majumbani yana kama miligramu 300 kwa lita, yanapanda yanashuka. Maziwa halisi yana kama miligramu 100,000. Soma tena hiyo namba. Ndoo moja ya lita ishirini ya maziwa yaliyoharibika, ile unayosema "mwaga tu hapo", kwa bwawa ni sawa na zaidi ya lita 6,000 za maji ya choo, karibu gari zima la kunyonya. Maziwa ni meupe, safi, hayanuki, mtoto anakunywa, lakini kwa bwawa ni mzigo mkubwa kuliko choo cha mtaa. Damu ya machinjioni inazidi hata hapo. Juisi, soda iliyoharibika, bia, maji ya jibini, vyote ni familia hiyohiyo ya sukari na protini.

Kwa hiyo "kidogo" hakipimwi kwa ukubwa wa jengo. Mwenye mashine za kufulia ishirini anaweza kuwa na maji mengi yasiyo na shida, na mama mwenye mtindi chumba kimoja akawa ndo kaziba hewa ya bwawa.

Vitu gani haviingii kabisa, hata kwa kibali?

Petroli, dizeli, mafuta ya taa, tina ya rangi. Gereji mnaosafishia spea kwa petroli halafu mnamwaga kwenye chemba, naongea na nyie. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unalala ndani ya bomba unasafiri nao unatafuta cheche. Februari 1981 huko Louisville, Marekani, kiwanda cha kusindika soya kiliachia heksani (kimiminika cha kukamulia mafuta, kinawaka kama petroli) ikaingia kwenye mabomba ya majitaka, alfajiri barabara zikapasuka kwa umbali wa zaidi ya kilomita tatu, mifuniko ya chemba ikarushwa juu. Ile bahati yao watu hawakufa. Guadalajara, Meksiko, tarehe 22 Aprili 1992 petroli iliyovujia kwenye mfumo wa majitaka ililipua mitaa mizima na waliokufa walizidi 200. Wakazi walishalalamika kuhusu harufu siku kadhaa kabla.

Oili chafu nayo hapana, ikusanye kwenye dramu, ina wanunuzi. Maji ya betri hapana, hayo yana asidi na risasi pamoja. Vitu vinavyoziba: manyoya, ngozi zilizokatwa, kinyesi cha utumbo wa ng'ombe, mabaki ya matunda, machicha ya mbege, makapi, mchanga wa kuoshea magari, tope la simenti (hili likikauka ndani ya bomba hamna spana itakayokusaidia, ni kuchimba). Maji ya mvua kutoka kwenye bati lako pia hapana. Wengi wanashangaa hilo, wanasema "lakini hayo si masafi?". Ni masafi ndiyo, ila masika yakianza kila mtu kaelekeza mabomba ya paa kwenye chemba, bomba linajaa, na kinachotoka juu mbele ya nyumba ya jirani siyo maji ya mvua.

Maji ya moto nayo yana kesi yake. Yakitoka kwenye boila yakaenda moja kwa moja yanayeyusha mafuta ya wenzako waliopo njiani, mafuta yanasogea mbele, yanapoa, yanaganda mahali ambapo hamna mtu anajua.

Nikichanganya na maji mengi si yanapoa makali?

Hapana. Hiyo inaitwa kuzimua na ndo ujanja wa kwanza ambao kila mkaguzi anaujua. Ukifungua bomba la maji safi usiku kucha ili namba ishuke, kiasi cha uchafu ulichotuma Mabogini ni kilekile, umekituma tu ndani ya maji mengi zaidi, umelipa bili ya maji safi, na bwawa linapata maji mengi yanayopita haraka kabla bakteria hawajamaliza kula. Bwawa linafanya kazi kwa siku, maji yanatakiwa yakae. Ukiyasukuma yanatoka hayajaiva.

Zile namba 30, 60 na 100 wanazosema ni zipi?

Hizo ni za kiwango cha Tanzania cha majitaka yanayorudi kwenye mazingira: BOD isizidi miligramu 30 kwa lita, COD (ndugu yake BOD, ila uchafu unaunguzwa kwa kemikali badala ya kuliwa na bakteria) isizidi 60, chembe zinazoelea ndani ya maji zisizidi 100, na pH (kipimo cha asidi na kinyume chake, 7 ni katikati) iwe kati ya 6.5 na 8.5. Hapo ndo watu wanachanganya. Namba hizo ni za maji yanayoingia mtoni, yaani anayedaiwa hizo kwanza ni mwenye mabwawa. Wewe unayeingiza kwenye bomba unabanwa na masharti yaliyoandikwa kwenye kibali chako, na hayo ndo yanakuhusu, kwa hiyo kitoe kwenye faili ukisome badala ya kukibandika ukutani nyuma ya kalenda.

Lakini vimefungamana. Yule wa mabwawani hawezi kufika 30 kama nyie kumi huku juu mnamletea 5,000.

Nina kiwanda cha ngozi. Kwa nini sisi tunasumbuliwa kuliko wote?

Kwa sababu mna vitu viwili vibaya ambavyo kila kimoja kina tabia yake.

Cha kwanza ni salfaidi, ile mnayotumia na chokaa kutoa manyoya. Ikiwa kwenye chokaa imetulia. Ikikutana na maji ya asidi, kwa mfano yale ya hatua ya krom (dawa ya kuivishia ngozi), inageuka gesi, ile ya harufu ya yai viza. Kwa hiyo hizi laini mbili zisikutane kabla hujaitibu salfaidi, zitenganishe tangu sakafuni, mtaro wake na tanki lake. Nimewahi kukuta mtu kaunganisha zote kwenye chemba moja kwa sababu fundi wa ujenzi alitaka kuokoa bomba la mita nane. Nilifungua mfuniko nikarudi nyuma haraka, na macho yaliwasha mpaka jioni.

Gesi hiyo ikipanda kwenye dari la bomba la zege, kuna bakteria wanaoishi kwenye ule unyevu wa juu wanaigeuza kuwa asidi ya salfa, na asidi inakula simenti. Bomba linaliwa kuanzia juu, chini linaonekana zima. Unakuja kujua lori likipita na barabara ikizama.

Cha pili ni krom. Krom ni chuma, bakteria hawaili, jua haliimalizi. Inachofanya ni kutua kwenye tope la bwawa na kukaa humo. Siku tope likinyanyuliwa, kuna mtu anaomba akaweke shambani kama mbolea, na krom yako inakwenda naye. Irudishe krom kwenye dramu la kuchovyea uitumie tena, au itenge peke yake, ongeza chokaa kidogo kidogo mpaka itue chini kama tope la kijani, maji ya juu ndo yaendelee.

Sisi tunaosha matanki kwa kostiki (magadi makali, kostiki soda) halafu asidi. Tufanye nini?

Hapa una bahati, maana dawa yako iko ndani ya kiwanda chako. Kostiki ina pH ya 13 huko, asidi iko 2, ukimwaga moja asubuhi na nyingine mchana unampiga bakteria makofi mawili kwa siku moja. Jenga tanki la kusawazisha, zote ziingie humo na maji mengine yote ya kuoshea, zikutane, zipoe, koroga, pima kwa zile karatasi za pH za bei ndogo, halafu fungua valvu kidogo yatoke taratibu usiku na mchana badala ya kumwaga yote ndani ya nusu saa ya usafi wa Jumamosi. Usimimine kostiki kavu kwenye asidi, na zile za kwenye madumu, ambazo bado hazijatumika, usizikutanishe kamwe, zinachemka zinaruka usoni.

Na tanki lisiwe limejengwa kwa plasta ya kawaida tu, asidi itaitafuna, weka vigae au tanki la plastiki.

Nimefunga mtego wa mafuta jikoni na bado chemba inaziba. Shida nini?

Umeusafisha lini?

Kila nikiuliza hivyo kunakuwa na ukimya. Mtego wa mafuta ni chemba yenye ukuta katikati, maji yanapita chini ya ukuta, mafuta yanabaki yanaelea. Tabaka la juu la mafuta na tope la chini vikifika robo ya kina chake inatakiwa utoe, zaidi ya hapo mafuta yanapita tu kama hamna kitu. Jiko la hoteli lenye supu, kitimoto na chipsi linaweza kufika robo ndani ya wiki.

Kuna jiko moja nilienda, mwenyewe akaniapia kuwa mtego unafanya kazi vizuri haujawahi kuziba toka wajenge. Tukafungua. Juu palikuwa pamekuwa na ganda jeupe-kijivu kama siagi ya jana, kijana wangu akakanyaga kidogo kwa buti halikubonyea. Tulilikata kwa panga vipande vipande kama sabuni ya mche, tukajaza viroba kumi na kimoja, na katikati kulikuwa na kijiko, mfuniko wa soda na leso. Ulikuwa hauzibi kwa sababu mafuta yalishatengeneza njia yao yanapita moja kwa moja.

Shida ya pili ni sinki la vyombo lenye maji ya moto na sabuni kali. Maji yanatakiwa yapoe ndani ya mtego ndo mafuta yapande. Kama mtego ni mdogo, maji yanapita bado ya moto, mafuta yanaganda mbele, kwenye bomba la mtaa. Na ule unga au dawa ya "kuyeyusha mafuta" mnayouziwa unafanya hivyohivyo, unahamisha tatizo kwa jirani.

Batiki na nguo je? Rangi si kidogo tu?

Rangi kidogo inapaka maji mengi, na maji yenye rangi hayapitishi jua, na bila jua mwani hautoi oksijeni. Chumvi mnayotumia kushikisha rangi nayo haitoki kwenye bwawa, inakwenda na maji mpaka shambani. Tumia tena maji ya kuchovya kwa nguo za rangi nzito, ni kazi inayowezekana.

Kibali napata kwa nani? Nimezungushwa ofisi tatu.

Hukuzungushwa, ni ofisi tofauti kweli. Kuunganisha na kumwaga kwenye bomba la mjini ni mamlaka ya maji, kwa Moshi ni MUWSA, kwa ndugu zetu wa Arusha ni AUWSA. Hizi mamlaka zenyewe zinadhibitiwa na EWURA, na sheria yake ni ile ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019. Cheti cha tathmini ya athari kwa mazingira ni NEMC, baraza la mazingira la taifa, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na humo ndo kuna ile kanuni ya anayechafua analipa. Ukitaka kutoa maji kwenda mtoni badala ya bombani, hata kama umeyasafisha, hiyo ni Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, sheria ya rasilimali za maji ya 2009.

Nenda na mchoro wa mabomba yako, orodha ya kemikali zote unazonunua (chukua risiti za miezi michache tu inatosha kukumbuka), kiasi cha maji kwa siku na saa unazomwaga. Watu wanaenda mikono mitupu halafu wanasema wamezungushwa.

Si nielekeze tu Mto Karanga au Rau, yaishe?

Rau inanywesha mashamba ya mpunga, Karanga inakwenda Kikuletwa, yote yanaingia Bwawa la Nyumba ya Mungu, na perege unaowala Ijumaa wanatoka humo. Masharti ya mtoni ni magumu kuliko ya bombani, siyo mepesi.

Na gari la kunyonya?

Kama uko mtaa ambao bomba halijafika ndo njia yako, ila mwambie dereva ukweli wa ulichonacho. Karo la kiwanda cha sabuni siyo karo la choo, na akilimwaga lote Mabogini kwa mkupuo anapata shida yeye kwanza.

Wanachukuaje sampuli? Wanaweza kuja siku ambayo nina maji mabaya tu?

Wanaweza, na wana haki. Sampuli inachukuliwa kwenye chemba ya ukaguzi, ya mwisho ndani ya uzio wako kabla hujaungana na bomba la mtaa, ili maji ya jirani yasihesabiwe kwako. Kuna ya kuchota mara moja na kuna ya kuchota kidogo kidogo kwa saa nyingi halafu zinachanganywa, hii ya pili inakutendea haki zaidi ukiwa na maji yanayobadilika, kwa hiyo iombe. Majibu ya BOD yanachukua siku tano kwa sababu bakteria wanapewa siku tano wale, kwenye joto la nyuzi 20. COD inatoka siku hiyohiyo.

Wewe mwenyewe nunua karatasi za pH, na chukua chupa ya maji ya lita moja isiyo na lebo, jaza maji ya chemba yako, iache saa moja juu ya meza, angalia tope lililotua. Piga picha kila Jumatatu. Siyo maabara hiyo, ila utajua mapema kuliko barua.

Mfumo mzima utanigharimu sana. Naanzia wapi?

Anzia kwenye ufagio. Kweli. Nusu ya uchafu ninaoukuta kwenye mitaro ni kitu kigumu ambacho kijana wa usafi alikisukuma kwa mpira wa maji badala ya kukizoa. Weka wavu kwenye kila tundu la sakafuni, uufunge kwa skrubu maana wataung'oa. Maji ya jibini na maziwa yaliyokataliwa, wafugaji wa nguruwe wanayafuata wenyewe na madumu. Machicha hivyohivyo. Ukishafanya hayo ndo unipigie tupime tanki, litakuwa dogo na mimi nitapata hela kidogo.

Chemba imeziba, kijana wangu ashuke azibue?

Asishuke. Ile gesi ya yai viza ikizidi kiasi, kama sehemu 100 kwa milioni, pua inakufa ganzi, unadhani harufu imeisha kumbe imeongezeka, na anayemfuata kumuokoa anaanguka juu yake. Zibua ukiwa juu, kwa fimbo au presha, kama haiwezekani waite mamlaka.

Unakuja lini kuangalia kwangu?

Alhamisi nipo upande wa Pasua, Ijumaa Majengo. Nikija nikute chemba iko wazi tafadhali, ile ya ukaguzi, ambayo mmeipangia kreti za soda juu yake.